Neno "Run" na Maana Zake Nyingi

Miongoni mwa maneno ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa Kiingereza ni neno "run". Mwalimu huliandika ubaoni, kisha humwambia mtoto mmoja atimue mbio mpaka mlangoni na kurudi, na darasa zima hulielewa mara moja. "Run" ni kukimbia. Mwanafunzi huandika hivyo katika daftari lake, hulifunga, na kudhani ya kuwa kazi yake na neno hilo imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yaanza.

Katika somo hili tutalitazama neno hilo moja tu. Tutaona lilikotoka, jinsi lilivyozaa maana nyingi, na njia ya kuitambua maana iliyokusudiwa kila tukutanapo nalo. Mwanafunzi atakayeishika njia hiyo ataweza kuitumia kwa maneno mengine ya lugha ile, kama vile "set", "get", "take" na "put", kwani yote yana tabia moja.

1. Kosa la mkalimani

Nilipokuwa mwanafunzi wa darasa la saba nilijiona fundi wa Kiingereza, maana katika mitihani sikupata kushuka chini ya nafasi ya pili. Siku moja daktari Mwingereza alifika kijijini kwetu kuwatazama wagonjwa kwa muda wa siku chache. Mtu aliyekuwa akimfasiria maneno aliitwa kwao kwa msiba, nami nikaombwa nishike nafasi yake. Nilifurahi mno, wala sikuona hofu yo yote.

Akaja mama mmoja amebeba mtoto wa kiume, wa miaka kama mitatu, naye alikuwa ametembea njiani tangu alfajiri. Daktari alimpima mtoto, akakitazama kipimo cha joto, akasema, "This child is running a high fever." Kisha akaingia chumba cha ndani kutafuta dawa. Mama akanitazama mimi. Nami, kwa kuwa nilijua "run" ni kukimbia na "fever" ni homa, nikamwambia bila kusita, "Mama, daktari asema mtoto anaikimbia homa kali."

Mama alishukuru kwa machozi. Kwa masikio yake maneno yale yalikuwa na maana moja tu: homa imeachwa nyuma, na mtoto yu katika kupona. Akamfunga mwanawe mgongoni, akashika njia ya kurudi kwao.

Daktari alipotoka na dawa mkononi aliuliza, "Mama yuko wapi?" Nilipomweleza niliyoyasema, hakunijibu neno. Alitoka mbio, nami nikamfuata, tukampata yule mama amekwisha kuvuka kijito, mtoto ameinamisha kichwa mgongoni pake kama jani lililonyauka. Ilikuwa malaria kali. Mtoto alirudishwa, akatiwa dawa, akalazwa, na baada ya siku kadhaa alipona. Lakini kama daktari angalikawia ndani robo saa zaidi, sijui ningaliishije na neno lile.

Jioni yake daktari aliniita, akaniambia kwa upole, "Ulilijua neno, lakini hukuijua sentensi." Alikuwa amesema ya kwamba mtoto ana homa kali, mimi nikamwambia mama ya kwamba homa inamwacha. Maneno ya somo hili yatokana na siku ile.

2. Asili ya neno

Neno hili ni la kale sana. Katika Kiingereza cha zamani, kilichosemwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, liliitwa "rinnan", na mahali pengine "irnan". Kijerumani, ambacho ni lugha ya ukoo mmoja na Kiingereza, hata leo kina maneno mawili yaliyo ndugu zake: "rennen", maana yake kukimbia, na "rinnen", maana yake kutiririka. Basi twaona ya kuwa tangu zamani neno hili lina mizizi miwili: mwendo wa miguu ya mtu au mnyama aendaye mbio, na mwendo wa maji yaendayo mfululizo bila kukatika. Ishike mizizi hii miwili, kwa maana karibu kila tawi la neno hili limechipuka katika mmoja wao.

Ni matawi mangapi? Jibu twalipata katika kamusi kubwa ya Kiingereza iitwayo Oxford English Dictionary. Wataalamu wa lugha katika mji wa London waliwaza kuitunga mwaka 1857. Mwaka 1879 kazi ya kuihariri alikabidhiwa James Murray, aliyekuwa mwalimu wa shule. Watu wengi walisoma vitabu, wakanakili sentensi katika vipande vya karatasi, wakampelekea. Na watoto wake mwenyewe walimsaidia kuvipanga vipande hivyo kwa utaratibu wa herufi. Sehemu ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928. Murray hakuiona siku hiyo, kwani alikufa mwaka 1915.

Katika chapa ya pili ya kamusi hiyo, iliyotoka mwaka 1989, neno lililoyapita mengine yote kwa wingi wa maana lilikuwa "set", lenye maana zipatazo 430. Baadaye wahariri waliyapitia maneno upya. Mmoja wao, Peter Gilliver, alishughulika na neno "run" peke yake kwa muda wa miezi 9, na mwaka 2011 ilijulikana ya kwamba lilipotumika kama neno la kutenda alikuwa amelipatia maana 645. Hivyo neno lile dogo la herufi tatu likampita "set".

Usiogope, mwanafunzi. Hakuna Mwingereza azijuaye 645 kwa moyo. Yatosha kuyajua matawi makubwa.

3. Matawi makubwa

Tawi la kwanza ni kukimbia kwenyewe. "The boy runs" ni kusema, mvulana anakimbia. Kwa habari iliyopita twasema "ran", na baada ya "have" au "has" twarudi katika "run": "He has run home", amekimbia nyumbani.

Tawi la pili ni kutiririka. "The Rufiji runs into the Indian Ocean", yaani mto Rufiji wamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. "His nose is running", anatoka kamasi. "The colour ran", rangi ya nguo ilichuja ilipofuliwa. Katika mifano yote hii kuna kitu cha majimaji kinachokwenda.

Tawi la tatu ni la kustaajabisha, kwa maana chombo chenyewe hakiendi popote. "The railway runs from Dar es Salaam to Kigoma." Reli hiyo, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu unaozidi kilomita 1,200, nayo imelala chini hata leo, haijanyanyuka. Linalokimbia ni jicho letu, au mawazo yetu, yaifuatayo toka mwanzo mpaka mwisho. Sisi pia twafanya hivyo: twasema barabara "yaenda" Tabora, tena "yapita" Dodoma, ingawa haina miguu.

Tawi la nne ni mwendo wa mitambo na vyombo. "The bus runs every day", basi hufanya safari kila siku. "The engine is running", mtambo unafanya kazi, hata kama gari lenyewe limesimama. Siku hizi hata mtu aliyeketi mbele ya kompyuta husema kwa Kiingereza ya kwamba ana-"run" programu, yaani anaiendesha.

Tawi la tano ni kusimamia kazi. "She runs a shop", anaendesha duka. Hapa pana jambo la kupendeza. Sisi tulichukua neno "enda", tukalibadili mwisho wake, tukapata "endesha". Mtu huendesha gari, huendesha shule, huendesha mkutano. Waingereza walichukua "run", wakaliacha kama lilivyo. Mawazo ni yale yale: msimamizi ndiye afanyaye kazi iende.

Tawi la sita ni kutafuta cheo kwa kura. Mmarekani atakaye kuwa Rais husemwa ya kwamba ana-"run". Mwingereza atakaye kuingia Bungeni, kwa desturi ya nchi yake, husemwa ya kwamba ana-"stand", yaani anasimama. Nasi twasema anagombea. Basi Mmarekani hukimbia, Mwingereza husimama, na Mswahili hugombea. Kumbe wote watatu wafanya jambo moja.

Tawi la saba ni kuwa katika hali fulani au kuingia katika hali hiyo. "The well has run dry", kisima kimekauka. "To run a risk", kujitia katika hatari. "To run a fever", kuwa na homa. Hili ndilo tawi lililonikwaza mimi.

4. Neno na wenzake

Kiswahili kikitaka maana mpya, mara nyingi hubadili mkia wa neno. Katika "kimbia" twapata "kimbiza", "kimbilia", "kimbilio" na "mkimbizi". Kiingereza hufanya kwa njia nyingine. Huliacha neno vile vile, kikalipa mwenzi mdogo wa kufuatana naye, kama "away", "into", "out", "over" au "down". Mwenzi huyo ni mdogo kwa herufi, lakini ndiye ashikaye usukani.

"Run away" ni kutoroka. "Run after" ni kumfukuza mtu au kitu kwa nyuma.

"Run into" ina sura mbili. "I ran into my teacher in the market" ni kusema, nilikutana na mwalimu wangu sokoni bila kutazamia. Lakini "The lorry ran into a wall" ni kusema, lori liligonga ukuta. Mwanafunzi atakayezichanganya sura hizi atamfanya mwalimu wake aonekane amegongwa sokoni.

"Run over" ni kumkanyaga mtu kwa gari. Pia ni maji kujaa chomboni hata yakamwagika. Tena ni kulipitia somo upesi kabla ya mtihani.

"Run down" yasemwa kwa saa iliyokwisha ufunguo, na kwa mtu aliyedhoofika kwa kazi nyingi. Tena ni kumsengenya mwenzio.

"Run out of" yataka uangalifu mkubwa. Linganisha sentensi hizi mbili: "The boys ran out of the room" na "The boys ran out of sugar". Maneno matano ya mwanzo ni yale yale. Lakini katika ya kwanza wavulana walitoka chumbani mbio, na katika ya pili waliishiwa na sukari. Chumba ni mahali pa kutoka. Sukari si mahali. Neno la mwisho ndilo lililotufumbulia.

5. "Run" likiwa jina

Neno hili hutumika pia kama jina la kitu. "A chicken run" ni ua wa kuku, mahali wanapoachwa watembee. "A run on a bank" ni watu wengi kuikimbilia benki kwa pamoja ili watoe fedha zao, kwa hofu ya kwamba itafilisika. Jambo hilo lilitokea Uingereza mwaka 2007, watu wakasimama foleni ndefu barabarani. "In the long run" maana yake hatimaye, baada ya muda mrefu.

Katika mchezo wa kriketi "run" ni hesabu ya ushindi. Ilipata jina hilo kwa kuwa wapigaji wawili hukimbia na kubadilishana nafasi zao uwanjani. Lakini mpigaji akiupiga mpira ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, huhesabiwa "run" 6, wala hana haja ya kukimbia hata hatua moja. Hapo neno limeiacha kabisa miguu yake ya zamani, likabaki jina la hesabu tu.

6. Hata kwetu iko

Huenda mwanafunzi akasema, "Lugha gani hii isiyokuwa na utaratibu?" Asiseme hivyo kabla ya kutazama nyumbani kwake. Twaa neno letu "piga". Mgeni ajifunzaye Kiswahili huambiwa ya kuwa "piga" ni kuchapa kwa mkono au kwa fimbo. Kisha husikia watu wakipiga hodi, wakipiga magoti, wakipiga pasi, wakipiga mswaki, wakipiga picha, wakipiga kura, wakipiga chapa vitabu na wakipiga kelele. Akisikia mtu asema, "Jana nilimpigia mama simu," atastaajabu kwa nini mtoto amwadhibu mzazi wake kwa simu. Na akiuliza namna nyingine ya kusema "run", tutamjibu, "kupiga mbio"!

Sisi hatuoni taabu, kwa sababu tangu utotoni tuliyasikia maneno hayo yakiwa pamoja na wenzake. Hatukujifunza "piga" peke yake. Tulijifunza "piga hodi" mlangoni kwa jirani, na "piga pasi" tulipomwona dada akinyosha nguo. Mtoto wa Kiingereza naye amejifunza "run" kwa njia hiyo hiyo. Basi nasi tukitaka kuijua lugha yake, tufuate njia aliyoipita yeye: tuliandike neno katika daftari pamoja na sentensi yake, tusiliandike peke yake.

7. Maswali matatu ya kujiuliza

Kila ukutanapo na neno la namna hii, usifasiri kwanza. Jiulize maswali haya matatu.

La kwanza: Ni nani, au ni kitu gani, kinachotenda? Mtu, maji, barabara, mtambo?

La pili: Ni neno gani lifuatalo? Je, ni "into", "out", "over", au ni jina la kitu, kama "shop" au "fever"?

La tatu: Habari inayosemwa ni ya mambo gani? Ni ya shamba, ya biashara, ya michezo, au ya ugonjwa?

Sasa tuyajaribu maswali haya kwa sentensi ya daktari: "This child is running a high fever." Ni nani atendaye? Ni mtoto wa miaka mitatu, tena mgonjwa, amelala mapajani mwa mama yake. Huyo hawezi kukimbia. Ni neno gani lifuatalo? Ni "a high fever", bila "from" katikati. Kama mtoto angalikuwa anaikimbia homa, Mwingereza angalisema "running from". Habari ni ya mambo gani? Ni ya ugonjwa, na daktari ametoka kukitazama kipimo cha joto. Majibu yote matatu yaelekea upande mmoja: mtoto ana homa kali. Maswali hayo yataka muda mfupi sana, na kama ningaliyauliza siku ile, mama yule asingalikanyaga kijito.

Tena liko la nne, nalo ni kwa ajili ya siku ambayo yale matatu hayatatosha. Useme, "Sikuelewa, tafadhali eleza tena." Hakuna aibu katika maneno hayo. Nilikuwa nayajua kwa Kiingereza siku ile, hata katika mtihani nilipata kuyaandika bila kosa; lakini kiburi kilinizuia kuyatumia. Mwenda pole hajikwai, na mfasiri zaidi ya watu wote, kwa kuwa yeye akijikwaa huanguka aliyemwamini.

Zoezi

(a) Fasiri sentensi hizi kwa Kiswahili, kisha ueleze ni neno gani katika kila sentensi lililokuonyesha maana:

1. The river runs through our village.
2. My uncle runs a small hotel.
3. We have run out of paraffin.
4. The children ran out of the church.
5. The clock has run down.
6. I ran into an old friend at the station.
7. This bus does not run on Sundays.
8. You will learn it in the long run.

(b) Andika sentensi sita za Kiswahili zenye neno "piga", kila moja kwa maana yake. Kisha uzifasiri kwa Kiingereza bila kutumia neno "beat".

(c) Jibu maswali haya:

1. Kwa nini mama aliondoka kabla ya mtoto kupewa dawa?
2. Taja mizizi miwili ya neno "run".
3. Kiswahili hubadili sehemu gani ya neno kipatapo maana mpya, na Kiingereza hufanya nini?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya kusema, "Ulilijua neno, lakini hukuijua sentensi."